Kona ya Sindano: Naenda kwenye maonesho, narudi mikono mitupu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 21, niko mwaka wa pili nasomea nguo na ubunifu wa mavazi hapa Dar. Muhula huu tumeanza kudarizi kwa mkono na mwalimu katuambia kila mtu aende kwenye maonesho atafute wazo, afu atengeneze kipande cha sentimita 40 kwa 40. Basi shangazi nimezunguka, nimeenda Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, nimeenda Nafasi kule Mikocheni, Sabasaba nimetembea mabanda mpaka miguu ikavimba, na usiku naangalia picha za makumbusho ya Ulaya kwenye simu, hadi sasa nina picha zaidi ya 600. Nikikaa na kitambaa hakuna kitu. Nachora ua, nadarizi ua, linatoka kama la kitambaa cha kochi. Kitambaa chenyewe kinajikunja na uzi unafunga fundo kila dakika. Rafiki yangu ananiambia nikichukua mchoro wa watu nimeiba, mwingine ana ndugu yake mwenye mashine ya kompyuta inadarizi ua kama langu kwa dakika chache tu, ananiuliza nahangaika nini. Nisaidie, kazi inakusanywa baada ya wiki sita.
Mwanafunzi wa Nguo, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na imenifurahisha kuliko unavyodhani, maana mtu anayetembea mpaka miguu inavimba akitafuta nguo za kuangalia, huyo sindano imeshamshika.

Tuanze na hizo picha 600. Simu ikishapiga picha, jicho linajiona limemaliza kazi, unahamia kabati linalofuata. Ukifika nyumbani una picha ya ua, na picha haikwambii uzi uliingilia wapi ukatokea wapi, umevutwa kiasi gani, kitambaa ni tabaka moja au mbili. Kwa hiyo mkono unarudia kile ulichokizoea tangu shule ya msingi, ndo hilo ua la kitambaa cha kochi. Mawazo unayo tele mwanangu, kilichokosekana ni mshono.

Nikuulize, umewahi kuishika kofia ya viua mkononi ukaigeuza ndani nje? Hayo ni maonesho yasiyo na kiingilio. Ijumaa watu wakitoka msikitini pita pembeni kwa adabu uangalie vichwa vya wazee tu, utaona maua, utaona nyota, utaona miezi, nyeupe juu ya nyeupe, rangi ya udongo juu ya nyeupe. Afu muombe babu au mjomba yeyote wa mtaani kwenu akuazime kofia yake nusu saa, ukae nayo dirishani penye mwanga.

Kofia ina vipande viwili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa, na kila kipande ni tabaka mbili za kitambaa. Mchoro unachorwa kwa penseli, unapigwa mishono ya kushikanisha zile tabaka, ndo vinakuja viua, vile vitundu vidogo. Kiua hakikatwi. Unachukua ncha ya shazia, ile sindano nene, unaisukuma taratibu katikati ya nyuzi za kitambaa huku unaizungusha, nyuzi zinajisogeza zenyewe, tundu linafunguka bila uzi hata mmoja kukatika. Halafu sindano nyembamba inaingia kwenye kitambaa pembeni ya tundu inatokea ndani ya tundu, unavuta kuelekea nje, unarudia, unarudia, kila mshono umelala bega kwa bega na mwenzake mpaka duara linafunga. Ukilegeza, tundu linajiziba. Ukivuta kupita kiasi kitambaa kinaota mikunjo pande zote kama miale ya jua. Mkono mgeni kiua kimoja unaweza kuuchukulia dakika kumi nzima, na kofia moja ina viua mamia, ndo maana kofia nzuri inakaa mkononi miezi.

Mimi kofia yangu ya kwanza vitundu nilikata kwa kimkasi cha kucha, nikaona nimepata njia ya mkato. Ilipendeza kweli. Ilipofuliwa mara ya pili viua vikaanza kufumuka kimoja baada ya kingine, maana uzi uliokatwa hauna pa kushika. Bibi aliyekuwa ananifundisha aliipokea, akaigeuza, akanionyesha upande wa ndani kwa kidole, hakusema neno, akanipa shazia. Tangu siku hiyo nguo yoyote nikiiona cha kwanza nataka kujua nyuma yake ikoje.

Na ndivyo nataka na wewe uende makumbusho. Umeshaona vyumba vya nguo vya makumbusho makubwa vina giza? Mwanga unakula rangi na unaozesha uzi, kwa hiyo wanaweka taa ndogo sana, kipimo chao cha kawaida ni kama luksi 50, na nguo haikai nje muda mrefu inarudishwa stoo kupumzika. Kwa hiyo ukiingia usikimbilie, simama dakika chache macho yazoee. Nenda na penseli, kalamu ya wino sehemu nyingi hawataki uisogeze karibu na vitu vyao. Nenda na kilenzi cha kukuzia kama unacho. Afu tafuta palipochakaa! Wenzako watakuwa wanapiga picha pale palipo pazuri, wewe nenda kwenye kwapa, kwenye shingo, kwenye pindo lililoliwa, kwa sababu pale uzi uliokatika unaonyesha mstari wa penseli uliokuwa chini yake, unaonyesha mshono gani ulianza na upi ulikuja juu. Nguo ambayo haikumaliziwa ndo darasa kabisa. Chagua sehemu ndogo ya ukubwa wa kiganja, chora kila mshono unavyopita, na ufike nyumbani uudarizi siku hiyohiyo hata kama ni kwenye kipande cha shuka kuukuu. Kitu kimoja tu kwa kila safari. Siku tatu zikipita mkono umeshasahau.

Hizo za Ulaya kwenye simu pia zinafaa ila uziangalie hivyohivyo. Kwa mfano vitambaa vya Wakuba wa Kasai, kule Kongo, viko kwenye makumbusho mengi ya huko na hata mchoraji Matisse alikuwa navyo ametundika ukutani kwake. Ukivitazama haraka utasema ni mapambo ya pembepembe tu, mistari inavunjikavunjika. Sogea. Wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, yaani nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mnazi, wanawake ndo wanadarizi, mwanamke anapitisha uzi laini wa rafia chini ya uzi mmoja wa kitambaa, anautoa juu, anaukata kwa kijisu kidogo pande zote mbili anaacha kishungi kifupi sana, anaenda kinachofuata. Hakuna fundo. Ule ufumaji uliobana ndo unashikilia, na vishungi vikishakuwa vingi unapata kitu laini kama mahameli. Ukijua hilo hutachora tena pembe za Wakuba, utajiuliza mimi kitambaa changu kimebana kiasi gani na kinaweza kushikilia nini.

Hapo naingia kwenye wizi. Rafiki yako kasema kitu cha maana na usimpuuze. Kuchukua mchoro wa mtu ulivyo ukatia jina lako ni wizi, na ukiwa ni mchoro wa watu wa kijiji fulani wasiojulikana majina ndo vibaya zaidi maana hawatapata hata pa kulalamikia. Ila sikiliza hii. Kuna nguo ya mji wa Bayeux, Ufaransa, ya karne ya 11, ina urefu wa karibu mita 70 na kimo cha nusu mita, inasimulia Wanormani walivyovuka bahari kwenda kuiteka Uingereza mwaka 1066. Wengi wanadhani imefumwa, hapana, imedariziwa, uzi wa sufu juu ya kitani. Na rangi zake zote zimetoka kwenye mimea mitatu tu, mmoja wa buluu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa njano, basi, wakawa wanachanganya. (Wewe umenunua rangi ngapi? Usinijibu.)

Sasa huku kwetu Afrika, kwenye kijiji cha Hamburg, Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, daktari ambaye pia ni msanii, Carol Hofmeyr, alianzisha mradi wa kudarizi na wanawake wa pale. Wakaitazama ile nguo ya Bayeux wakachukua kitu kimoja, ule urefu, yaani kwamba historia nzima ya watu inaweza kupita mbele ya macho yako kwenye kitambaa kimoja kirefu. Wafalme wa Kinormani hawakuwahusu. Wakadarizi historia ya Waxhosa na vita vyao vya mpakani na Waingereza, mita 120, kubwa kuliko ya Bayeux yenyewe, inaitwa Keiskamma Tapestry na ilitundikwa bungeni Cape Town. Hakuna mtu mwenye akili atakwambia wale kina mama wameiba. Pima chako kwa hicho. Na kwenye karatasi unayokusanya kwa mwalimu andika wazi mshono huu nimeuona wapi, kwenye kazi ya watu gani.

Kitambaa kujikunja, hapo mara nyingi makosa ni matatu yanayokuja pamoja. Bafta mpya ina dawa na inarudi ikifuliwa, kwa hiyo ifue na uipige pasi kabla hujagusa sindano. Ile fremu ya duara, zungushia ringi ya ndani utepe wa pamba ili kitambaa kisiteleze, kaza mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma, na usiku ukitoe, usikiache kimebanwa. La tatu unavuta uzi kama unafunga kiroba. Uzi unatakiwa ulale juu ya kitambaa, ukiona kitambaa kinausogelea uzi umeshazidisha.

Mafundo yanatokana na uzi mrefu. Najua mtu unaona uvivu kutunga sindano kila mara unakata mita nzima. Kata kutoka ncha ya vidole hadi kwenye kiwiko, isizidi. Kile kishada cha uzi wa DMC kina mita 8 na ndani yake kuna nyuzi sita, usidarizi na zote sita, chomoa mmoja mmoja kwa kuuvuta wima juu, chukua miwili, iunganishe upya, tumia sindano namba 8 hivi (namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba). Na kila baada ya mishono kama kumi iachie sindano ining'inie, itajizungusha yenyewe na uzi utajisokotoa. Nyekundu na nyeusi zijaribu kwanza kwa pamba iliyoloa, ikitoka na rangi usiiweke kwenye cheupe, utalia siku ya kufua.

Kuhusu mashine. Mashine ya kudarizi si kitu cha jana, Josué Heilmann aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1820 kwenye mji wa Mulhouse, Ufaransa, na mji huohuo ndiko ilikoanzia kampuni ya uzi wa DMC mwaka 1746, uzi ambao mpaka leo sisi wa mkono tunaununua. Karibu miaka 200 mashine ipo na sindano ya mkono ipo. Huyo ndugu wa rafiki yako akitaka maua mia yanayofanana aendelee, ndo kazi ya ile mashine na inaifanya vizuri. Wewe umeambiwa udarizi kwa mkono kwa sababu mkono unaamua upya kwenye kila mshono, na bila kupitia hapo hutaweza hata kuiambia mashine ifanye nini.

Sasa wiki sita. Ungekuwa mwanangu ningekwambia uache maua kabisa. Umeniandikia umetembea Sabasaba mpaka miguu ikavimba, basi hilo ndo wazo na umekuja nalo mwenyewe. Kaa chini uchore kwa kumbukumbu njia uliyopita, geti uliloingilia, banda uliloganda, pale ulipopotea ukarudi, pale ulipokaa chini kwa uchovu. Kila hatua iwe kiua. Tabaka mbili za bafta, uzi mweupe, ulipopumzika tumia rangi moja, moja tu. Wiki ya kwanza usiguse kazi, fanya viua hamsini kwenye kitambaa cha kujaribia, vya mwanzo vitakuwa vibaya usivitupe, kusanya navyo mwalimu avione. Na ukimaliza, kazi yako usiibandike kwenye ubao, ining'inize ili watu waweze kuzunguka nyuma.

SWALI: Shangazi salaam aleikum. Mie ni kijana wa kiume niko Mombasa, Mji wa Kale, nafanya kozi ya ushoni na napenda kudarizi kushinda kukata suti. Wenzangu wanicheka wasema hiyo ni kazi ya wanawake, na nyumbani babangu hasemi kitu lakini naona hapendi. Niwache?
Kijana wa Mombasa

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Usiache. Hao wenzako hawajafika mbali. Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria, yale majoho makubwa wanayovaa na darizi nzito kifuani, wameyadarizi wanaume toka zamani, fundi anamfundisha kijana wake, na kuna mchoro maarufu unaitwa "visu viwili" na mwingine "visu vinane" kwa ile mikato yake mirefu yenye ncha. Uganda ile darizi ya rangi ya damu ya mzee shingoni kwenye kanzu ina jina lake, omulela, na bwana harusi bila hiyo hajavaa. Na huna haja ya kwenda mbali hivyo, panda basi uende Lamu, kaa barazani, utawakuta wanaume na kofia mapajani wanapiga sindano huku wanazungumza. Ukiweza nenda wakati wa tamasha la utamaduni la Lamu, kawaida huwa Novemba, kazi za mikono zinatolewa nje na waliozifanya wako palepale, unauliza unajibiwa. Watu wa makumbusho watakupa maelezo ya kwenye kibao, hawa watakupa sindano ujaribu.

Baba yako usibishane naye. Mdarizie kofia. Usimwambie, chukua miezi yako, siku ya Idi umpe.

SWALI: Assalaam alaykum Shangazi. Niko Muscat, mama yangu kazaliwa Unguja. Bibi yangu ana umri mkubwa sasa na alikuwa anashona kofia ujanani, mimi nasomea mitindo hapa na nimeamua kujifunza kushona kumma, ile kofia ya huku Oman. Je kumma na kofia yetu ya viua ni kitu kimoja? Na bibi macho yamepungua, nitajifunzaje kwake?
Mjukuu wa Unguja, Muscat

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu, barua yako imenigusa. Ni ndugu wa tumbo moja. Zote zina duara na ukanda, zote tabaka mbili, zote zinaishi kwa vile vitundu. Tangu Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja karne ya 19 watu wa pande hizo mbili wamekuwa wakienda na kurudi, na baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala Oman 1970, familia nyingi zilirudi huko na kofia zao kichwani na ujuzi wao mikononi. Huko rangi zimechangamka zaidi, huku sisi tumebaki sana na nyeupe na rangi ya udongo, lakini mpe bibi yako kumma ya mkono aipapase na atakwambia mwenyewe.

Na hapo ndo jibu la swali lako la pili. Macho yamepungua, vidole havijasahau. Mpeleke bibi kwenye makumbusho ya Bait Al Zubair au Makumbusho ya Taifa ya Oman, ile iliyofunguliwa 2016, msukume kwenye kiti cha magurudumu kama hawezi kutembea, simama naye mbele ya nguo umuelezee unachokiona, mstari kwa mstari, na umrekodi kwenye simu anavyokujibu. Atakutajia majina ya michoro ambayo hakuna kibao kinayo. Nyumbani shona kiua kimoja umpe ashike, akisema kimelegea fumua, akisema kimebana fumua, siku akinyamaza akakurudishia ujue kimekaa. Kumma za sokoni za mashine usichanganye nazo, geuza ndani utaona uzi wa chini ni tofauti na wa juu, ya mkono uzi ni uleule pande zote mbili.

Muulize pia faruma yake iko wapi, lile gogo la kutandazia kofia ikishafuliwa. Kofia ya mkono haikamuliwi kwa kusokotwa, inalowekwa, inasuguliwa kwa vidole na sabuni laini, inatiwa wanga mwepesi, inavishwa kwenye faruma ikiwa bado mbichi na kunyooshwa viua kimoja kimoja kwa ncha ya shazia, inaachwa kivulini mpaka ikauke. Kama faruma imepotea kwenye safari zenu basi bakuli la duara lenye kipimo cha kichwa linatosha, lipindue, lifunike na kitambaa safi, uivishe hapo.